Papa Proklamasyo na Majina ya Watoto Wote

Viatu vyake ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuonekana. Geti letu la mabati halifiki chini, na siku ya proklamasyo sisi walimu tulikuwa tunasimama barazani tukiangalia ile nafasi. Vikitokea viatu vyeusi vinavyong'aa, vikikanyaga mawe ya volkano kwa uangalifu mkubwa, tulijua Papa Proklamasyo amefika na kazi inaweza kuanza. Hapa mtaani kwetu Katoyi mawe yanakula viatu kabla hujavizoea, lakini vyake vilikuwa vilevile mwaka hadi mwaka. Siku moja nikamkuta kwenye kona ya barabara akivua kandambili na kutoa viatu kwenye mfuko wa plastiki, tayari kuvivaa hapo hapo. Alininunia mpaka saa sita mchana.

Kwetu mwaka wa shule haumalizikii kwenye karatasi. Wazazi wanakuja uani mwanzoni mwa mwezi wa saba, vumbi la kiangazi likiwa limeshapanda, wanakaa kwenye madawati yaliyotolewa madarasani, na mtu anasoma majina kwa sauti, darasa kwa darasa, kuanzia mtoto wa kwanza. Mtoto akisomwa, mama yake anaruka, shangazi wanaruka, na pudra ya watoto wachanga inamwagwa kichwani na shingoni mpaka mtoto anapiga chafya. Hiyo ndiyo proklamasyo. Kwa desturi anayeshindwa hasomwi, anakaa tu akisikiliza mpaka mwisho, na jina halitoki.

Mwaka huu kamati ya wazazi iliamua kwamba hata waliofaulu wasisomwe wote. Wasomwe watatu wa kwanza wa kila darasa, muziki upigwe, watu waende zao. Mimi ndiye direktrisi, yaani mwalimu mkuu, wa shule hii ya serikali, na mimi ndiye niliyetumwa kumwambia mzee kwamba kazi yake imekwisha. Nitafika huko. Lakini nataka kwanza mumjue mtu mwenyewe, maana ukimwona barabarani ungedhani ni mzee tu mwenye maringo, na kusema kweli maringo alikuwa nayo.

Nilimkuta. Nilipopewa shule hii alikuwa ameshastaafu ualimu zamani, lakini shule nyingi za upande huu wa mji zilikuwa zikimwita kila mwaka kuwasomea majina, na ratiba yake ya mwezi wa saba ilikuwa imejaa kuliko ya padri wakati wa Pasaka. Alikotoka sijui vizuri na sijawahi kuuliza. Katika mji huu swali hilo linawauma watu wengi. Ninachojua ni kwamba jina la mtoto wa Butembo alilitamka kama mtu wa Butembo, na jina la mtoto wa Rutshuru kama mtu wa Rutshuru, na la Mhunde wa Masisi akalipa haki yake. Si kwamba lugha zote alizijua. Alikuwa anauliza. Siku moja nilimkuta kwenye meza ya mama mmoja muuza maharage, mzazi wa darasa la pili.

"Mama, hii jina ya mutoto yako, unaiita namna gani?"

"Uiite vile unapenda, Papa."

"Hapana. Mi sipendi kitu. Sema weye, mi nisikie."

Mama akasema. Mzee akarudia. Mama akacheka, akamsahihisha. Akarudia tena, na tena, wateja wakisubiri maharage yao, mpaka mama akasema sawa, sasa ni mwanangu huyo. Ndipo akaondoka, na maharage hakununua.

Sasa mtu huyohuyo, aliyejua majina ya watoto wa shule nzima, hakuweza kushika jina la mtu mzima hata mmoja. Alimwita mkwe wake "ule wa Beni," na hata Beni kwenyewe mkwe hakutoka. Mimi nilikuwa "Direktrisi," na aliyenitangulia alikuwa "Direktrisi ule mwengine." Alipokuwa akisalimiana na jirani yake wa ukuta kwa ukuta alisema "Eee, weye!" kwa furaha kubwa sana, na jirani hakugundua kwa miaka mingi kwamba mzee hakuwa na neno jingine. Mke wake ndiye aliyenieleza hayo, akicheka mpaka akashika ukuta.

"Na mimi ananiita Mama tu," akasema. "Nikimuuliza jina yangu, anasema, sasa weye umesahau?"

Mke huyo anauza unga wa muhogo mbele ya nyumba, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kusema bila kupumzika. Nilidhani mzee, mwenye sauti kubwa ile ya proklamasyo, nyumbani lazima anahubiri. Kumbe nyumbani ni bubu. Anakula, anapiga rangi viatu, anasikiliza redio, na mkewe anasema kwa niaba ya wote wawili. Sauti alikuwa anaitunza. Kuanzia katikati ya mwezi wa sita hakunywa kitu baridi, alitafuna tangawizi, akajifunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi, na mtu akimuuliza jambo barabarani anajibu kwa mkono. Mikrofoni hakuitaka kabisa. Alisema mashine inampigia kila mtu kelele sawasawa, na yeye anamsomea mtoto mmoja. Walimu vijana walimwiga nyuma ya mgongo, kidevu juu, mkono kifuani. Mimi pia nilimwiga, na mume wangu anasema ninamweza.

Kwa kuwa alizunguka shule nyingi, alikuwa ndiye gazeti letu. Kabla ya jina la kwanza lazima asimame na kutoa habari za shule za su-divizyo yetu, yaani ofisi inayosimamia shule zote za serikali za upande huu. Shule fulani imepata mbao mpya za kuandikia. Kule karibu na barabara ya Sake, walimu wamefundisha muhula mzima chini ya turubai na hakuna darasa lililokosa somo. Shule nyingine watoto wake wameshinda kwenye mashindano ya kuimba. Alisema hayo yote kwa sauti ileile ya heshima, kubwa na dogo sawa. Mwaka vyoo vyetu vilipopata milango, alizitangazia habari hizo shule zote alizopita. Kwa wiki kadhaa nikawa ninapongezwa sokoni na watu nisiowajua kuhusu milango ya vyoo. Niliona haya, lakini nilifurahi pia, kwa sababu milango ile niliisumbukia sana na hakuna mwingine aliyewahi kuitaja.

Jambo lake kubwa, lile lililomletea matatizo na kamati, lilianzia kwenye kosa. Wazazi wanaotoka Butembo na Beni huwapa watoto majina kufuatana na nani alizaliwa kabla ya nani, kwa hiyo darasani unaweza kuwa na kina Kambale watano na kina Masika wanne bila undugu wowote. Mwaka mmoja darasa la tano lilikuwa na wavulana wawili walioitwa Kambale Kasereka. Kilichowatenganisha ni jina la tatu tu, lile la ubatizo. Mzee alijaza kifua, akatangaza, "Wa kwanza wa darasa, Kambale Kasereka!" kisha akatulia kidogo kabla ya jina la tatu, kwa sababu alipenda kutulia. Hapo ndipo alipokosea. Familia mbili ziliruka kwa pamoja. Makopo mawili ya pudra yalifunguliwa. Kufumba na kufumbua kulikuwa na Kambale wawili weupe katikati ya uwanja, na mama wawili wanacheza, mmoja ameshika viatu vyake mkononi.

Wa kwanza alikuwa yule mwingine. Huyu, ambaye mama yake alikuwa anacheza na viatu mkononi, alikuwa karibu na mwisho wa orodha. Sisi walimu tulijua, tukaangalia chini. Mzee naye aliona. Familia ya kweli ilikuwa imeanza kulalamika. Akasoma jina la tatu kwa sauti, na yule mama akabaki amesimama, mguu mmoja hewani.

"Mama," mzee akasema, "usimupanguse pudra. Huyu mutoto njo mwenye anakuyaka kufungua madirisha ya darasa kila asubui, mbele hata mwalimu haijafika. Mi napitaka hapa, namuonaka. Hiyo pia ni ya mwaka huu. Cheza, mama."

Mama yule akaangalia mtoto wake. Mtoto akaitika kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, yeye ndiye wa madirisha. Akacheza tena, polepole mwanzoni, halafu kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na hata ile familia nyingine ikampigia makofi.

Tangu siku hiyo mzee hakukubali tena kusoma jina tupu. Kila mwaka, mwezi wa sita, alipita madarasani, akakaa nyuma kwenye benchi ya wadogo magoti yakigusa kidevu, akauliza walimu na kuangalia, mpaka kila mtoto awe na jambo lake moja. Jina lilisomwa, na jambo likafuata. Amejua kufunga kamba za viatu. Ameacha kulia getini. Amemaliza kitabu cha hesabu mbele ya wengine, akakirudia. Alipigana sana, lakini safari ya mwisho aliomba msamaha bila kulazimishwa. Walioshindwa mtihani nao walisomwa, bila asilimia: jina, jambo, na kwamba atarudi kukaa darasa lilelile tena na atapokelewa. Wazazi walioniambia zamani kwamba hawaji kwenye proklamasyo kwa sababu ya aibu wakaanza kuja, wakakaa mbele.

Na alikuwa mkali katika hilo. Sifa ya uongo hakuitaka hata kidogo. Mwalimu wangu mmoja, kwa uvivu, aliwapa watoto watano neno moja, kwamba wana nidhamu. Mzee alimrudishia. "Nidhamu, nidhamu, ni kitu gani? Hata kiti iko na nidhamu." Mwalimu mwingine alimwambia kuhusu msichana fulani kwamba hakuna kitu, kabisa, hata afanyeje. Mzee akakaa katika darasa lile siku baada ya siku mpaka mwalimu akaanza kuogopa. Mwishowe akaniletea jibu: msichana yule, mwenzake akijibu vibaya na darasa likacheka, yeye hacheki. Likasomwa uani. Nilimwona baba wa msichana yule, mwendesha pikipiki, anavua kofia.

Msidhani nilikuwa ninafurahia kila dakika. Shule yetu ina watoto wengi mno, na mzee hakimbii. Jua lilikuwa linapanda, mbuzi wa jirani wanaingia uwanjani, watoto wachanga wanalia, na akina mama wanakumbuka maharage waliyoyaacha jikoni. Mimi mwenyewe nimeshasinzia kwenye kiti changu cha mbele, nikaamshwa na pudra. Nikimwambia afupishe, ananiangalia kama nimemwomba apunguze watoto. Kwa hiyo kamati ilipoanza kunung'unika sikushangaa.

Prezida wa kamati si mtu mbaya. Ni mfanyabiashara anayepitisha mizigo mpakani Bunagana, mtu wa haraka, simu mbili, na ni yeye aliyetutafutia mabati darasa la nne lilipoanza kuvuja. Alikuja ofisini kwangu akiwa bado amesimama.

"Mama Direktrisi, watu wako na kazi. Siku mzima juu ya majina? Tusome watatu-watatu. Mi nitaleta sono na DJ. Masaa mbili tu, tumemaliza. Wengine watapewa buletini ya matokeo mu mikono."

"Na mzee?"

"Muzee tumushukuru. Amechoka pia, si kweli? Weye njo umwambie, weye anakuheshimu."

Ulikuwa mwaka mgumu, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Shule ilifungwa, ikafunguliwa. Watoto wengine waliondoka bila kuaga, na wengine wakaingia katikati ya mwaka, kutoka kwenye kambi za wakimbizi za Mugunga, mbali sana na hapa, na kutoka kila upande, bila buletini, bila madaftari. Tulikuwa tumebanana madarasani. Hata hivyo tulifika mwisho, na watoto wote wa darasa la sita walifaulu mtihani wa taifa, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu niwe hapa. Nilitaka kuufunga mwaka salama nikalale. Nikakubali.

Nilimkuta nyumbani akitafuna tangawizi. Nilimwambia. Mkewe aliacha kupima unga. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Wale wengine watafanya nini wakati watatu wanasomwa?"

"Watapiga makofi, Papa."

"Haya. Mi nitakuya kusikiliza." Akatema tangawizi kwenye kiganja, akainuka kwenda kuitupa. Mkewe akamwomba anywe soda baridi, maana sasa sauti haina kazi, na akacheka mwenyewe, lakini hakuna aliyecheka naye. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia, na nilimkasirikia mume wangu bila sababu.

Siku yenyewe kila kitu kilikwenda kama Prezida alivyopanga. Maspika ya sono yalikuwa makubwa. DJ alikuwa kijana mwenye adabu. Watatu wa kila darasa walipita mbele, pudra ikamwagwa, wimbo ukapigwa, wakarudi. Darasa la sita walipata wimbo mrefu zaidi. Mzee alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye ukuta, mikono juu ya magoti. Jua lilikuwa bado halijapata makali Prezida aliposhika mikrofoni akasema aksanti sana, buletini zinapatikana kwa walimu, likizo njema. Wazazi wakasimama na kukung'uta nguo. Wengine walikuwa wameshafika getini.

Watoto hawakusimama.

Walikuwa wamekaa chini kwa mistari, darasa kwa darasa, kama tulivyowapanga asubuhi. DJ alipiga wimbo mwingine. Hawakucheza. Walimu wakawaambia waende nyumbani, likizo imeanza. Wakaangaliana. Mimi nikaenda kwenye mstari wa darasa la kwanza, nikamwinamia mtoto wa mbele.

"Mbona hamwendi?"

"Madamu, hamujatusoma."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekukumbusha kitu ulichosahau mezani. Nyuma yake mstari mzima ulikuwa unaniangalia. Nikainua macho, nikaona uwanja wote umeniangalia hivyohivyo, na nikajisikia vibaya kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Wengi wao walikuwa hawajawahi hata kusomwa maishani. Waliingia mwaka huuhuu. Lakini wenzao walikuwa wameshawaambia kwamba hapa kila mtu anasomwa.

Nikamwendea mzee.

"Papa, watoto wanangoja."

"Naona."

"Basi uwasome."

"Sina habari yao, Direktrisi. Mwaka huu sikupita mu madarasa. Mi siwezi kudanganya, kusema bongo mbele ya watoto." Alikuwa anaangalia mikono yake. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Nilitaka kupita. Nilifika mpaka ku geti, nikarudi."

Sijui neno lilitoka wapi. Nikamwambia, "Basi waulize wao."

Alifikiri. Halafu akainuka, akaweka shati sawa, akapita katikati ya madawati mpaka mbele, kidevu juu, mkono kifuani, vilevile tulivyozoea kumwiga. Akamwonyesha DJ kwa kidole azime muziki. Akamwita yule wa darasa la kwanza, akainama, wakanong'onezana. Kisha akajinyoosha, na sauti ile ikatoka na kuvuka ukuta mpaka barabarani. Jina lote, majina matatu. Na kwamba mwaka huu amejua kuandika jina la mdogo wake.

Wazazi waliokuwa getini waligeuka. Waliokuwa barabarani walirudi, nilisikia miguu yao kwenye mawe. Watu wakakaa tena. Mtoto kwa mtoto walikuja mbele, wakamnong'oneza, naye akatangaza. Amejua kugawanya. Anamshika mdogo wake mkono kwenye barabara ya pikipiki. Ameacha kukojoa kitandani: hapo kulitokea kicheko, mzee akakitazama kicheko mpaka kikafa, akarudia tangazo kwa heshima zaidi, na mama wa mtoto akapiga vigelegele. Binti wa Prezida, ambaye hakuwa kwenye watatu, alisema kwamba amejua kusali peke yake baba akiwa safarini. Prezida alipiga makofi kwa nguvu hadi simu moja ikaanguka vumbini, na hakuiokota mara moja. Pudra iliisha na wauzaji walikuwa wameondoka, basi akina mama wakaingia madarasani kutoa vumbi la chaki kwenye vibao na vifutio, wakawamwagia watoto hilo. Mimi nilikuwa ninalia waziwazi, direktrisi mzima, na sikujali.

Jua lilifika kichwani, likavuka. Mbuzi waliingia, hakuna aliyewafukuza.

Karibu na mwisho akaja msichana wa darasa la tatu, mwembamba, sketi ya buluu iliyoshonwa upya kiunoni. Aliingia kwetu katikati ya mwaka, bila buletini, na jina lake halikuwa hata kwenye orodha ya waliopangwa kwa alama. Mzee akainama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nikasikia.

"Mwaka huu ulifanya nini, mama?"

Msichana alifikiri sana. "Sijui, Papa. Nilikuyaka ku shule."

"Ulikuyaka?"

"Kila siku. Nilikuyaka kila siku."

"Unakaaka wapi?"

"Mugunga. Tulirudi Mugunga."

"Na unakuyaka na nini?"

Alimwangalia kana kwamba swali ni la ajabu. "Na miguu."

Mzee akajinyoosha. Akafungua mdomo. Jina likatoka, lote, safi. Halafu akataka kusema lile lililobaki na sauti haikuja. Alijaribu tena. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akikwaruza hata herufi moja alisimama mbele ya wazazi wote, mkono kifuani, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Akageuka akaniangalia.

Ni mstari wa darasa la tatu uliomaliza. Sijui nani alianza. Walitaja jina lake tena, majina yake yote, wakiyatamka vizuri kabisa, na wakapaza kwa pamoja: "Alikuyaka kila siku! Kutoka Mugunga! Na miguu!" Madarasa mengine yakaitikia, halafu wazazi. Mama yake hakuwapo, alikuwa kazini kwake, basi akina mama wasiomjua walimbeba juu na kumtia chaki mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa anacheka huku amefumba macho.

Alipowekwa chini hakurudi kwenye mstari. Alimsogelea mzee, ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza akipangusa uso na kile kitambaa chake cha vumbi. Mimi na Prezida tulikuwa tumesimama palepale.

"Papa," akasema, "mwaka kesho utanisoma tena?"

Mzee aliinua macho, akaniangalia mimi, kwa sababu jambo hilo halikuwa tena mikononi mwake, na yeye hasemi uongo kwa mtoto.

"Atakusoma," nikasema. "Atawasoma wote."

Msichana akaridhika, akakimbilia wenzake. Nilimgeukia Prezida, nikingoja anibishie, na nilikuwa tayari. Yeye alikuwa anapangusa simu yake kwenye suruali.

"Lakini tuanze saa moja ya asubui," akasema. "Watoto wako wengi."

"Saa kumi na mbili," mzee akasema, kwa sauti iliyokwaruza. "Weye hujui vile wako wengi."